Konsoli ya Tisa

Redio ilikoroma saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

"Nyigu. Mzigo unapaa saa sita kamili. Funga jalada."

"Nimekupata, Mkubwa."

Nyigu akairudisha Motorola mkandani na kuwasha Land Cruiser. Hakupewa jina hilo kwa sababu ya kiuno. Alipewa kwa sababu ya hasira, na asubuhi hiyo hasira ilikuwa bado imelala. Kazi ilikuwa imekwisha. Yeye naye alitaka kwenda kulala.

Huo mzigo ulikuwa mtu. Alikuwa fundi wa kompyuta kwenye kituo cha ukaguzi cha mpakani, pale malori yanapopita chini ya skana kubwa inayoona ndani ya makontena. Malori tisa yalipita pale yamebeba roketi za begani. Mara zote tisa skana ilionyesha marumaru za sakafuni, basi. Roketi zikavuka, zikalipua soko la nchi jirani, wakafa watu arobaini na mmoja. Saa sita mchana fundi angepandishwa ndege ya kijeshi akakabidhiwe kwa jeshi la huko. Kabla yake walikabidhiwa watatu. Hakurudi hata mmoja, na ndugu zao hawakupewa hata maiti ya kuzika.

Jalada lililomtia hatiani liliandikwa na Nyigu.

Ushahidi ulikuwa daftari la mashine, lile ambalo kompyuta inajiandikia yenyewe kila mtu anapoingia. Malori tisa, maingizo tisa. Kila mara, dakika chache kabla ya lori kufika, jina la fundi lilikuwa limeingia kwenye mashine. Na halikuingia kwa mtandao. Liliingia kwenye konsoli ya kwanza, yaani kwenye kibodi ileile iliyo mbele ya skrini. Kesi nyepesi, alijiambia. Aliimaliza kwa siku mbili na wakubwa wakampongeza.

Geti lilifunguka. Gari halijatoka nusu, kiganja kikagonga boneti.

Pah.

Mwanamke. Kitenge kimefungwa juu ya gauni, mkono mmoja umeshika ubavu kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Askari wawili wa getini walikuwa wanamkimbilia.

"Siku nne," mwanamke alisema. "Siku nne hawa wananiambia njoo kesho. Leo ndiyo kesho. Wewe ndiye uliyemfunga mume wangu?"

Nyigu aliteremsha kioo. Aliwapungia mkono askari warudi. Akamwambia yule mama kwamba kesi imefungwa na hana la kumsaidia, na alilisema kwa sauti ya kiofisi, ile inayomfanya mtu aonekane mjinga kwa kuuliza.

Mke wa fundi hakubishana. Alitoa karatasi kifuani, akaikunjua, akaibandika kwenye kioo cha mbele kwa kiganja.

Fomu ya hospitali. Ridhaa ya upasuaji. Tarehe kumi na tisa, saa tisa na dakika kumi alasiri. Aliyesaini: mume.

"Walinipasua tumbo siku hiyo. Alinibeba mwenyewe mpaka mlangoni, akakaa hapo mpaka usiku. Hospitali na mpakani ni kilomita arobaini. Wewe umesoma. Nieleze aliingiaje kwenye hiyo mashine yenu."

Nyigu alilijua jalada lile kwa moyo. Ingizo la sita: tarehe kumi na tisa, saa tisa na dakika kumi na mbili.

Dakika mbili. Kilomita arobaini.

Damu ikamchemka. Hakumkasirikia yule mama. Alijikasirikia mwenyewe, na hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote, maana huna pa kuipeleka. Alipiga gia ya nyuma akarudi ndani ya geti kwa kasi mpaka askari wakaruka pembeni.

Mahabusu ilikuwa chini ya jengo, ngazi kumi na nane. Fundi alikaa kwenye benchi la saruji, viatu havina kamba, macho mekundu. Alipomwona alisimama, kama walivyomfundisha kwa siku nne.

"Kaa," Nyigu alisema. "Tarehe kumi na tisa ulikuwa hospitali."

"Ndiyo, afande."

"Jina lako liliingiaje?"

Fundi akaeleza, taratibu, kwa uchovu wa mtu anayerudia jambo alilokwisha kulisema. Umeme pale kituoni hukatika hovyo, na betri ya akiba ilikufa mwaka jana. Kila ukikatika, kompyuta ya skana inazima, ikiwaka inasubiri mtu aandike jina na neno la siri. Mwenye neno la siri ni yeye peke yake. Alikuwa akipigiwa simu yuko njiani, yuko kitandani, yuko msibani, anarudi kilomita thelathini kuja kuandika maneno mawili. Mke akaanza kuumwa. Basi akaweka mstari mmoja kwenye mipangilio: konsoli ya kwanza ijiingize yenyewe kwa jina lake na kuwasha programu ya skana, bila kumsubiri mtu.

"Kwa hiyo umeme ukirudi, mashine inaandika kwamba ni wewe."

"Inaandika ni mimi. Hata nikiwa kaburini itaandika ni mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, afande. Siku ya kwanza. Nilianza kueleza, ukanikatisha. Ulisema nijibu ndiyo au hapana, hili ni jina lako? Nikasema ndiyo."

Nyigu alikumbuka. Alikumbuka hata kwamba alikuwa na njaa na alitaka kwenda kula.

Aliuliza jambo moja tu zaidi: kama ipo konsoli ya kwanza, zote zipo ngapi? Fundi akasema sita. Skrini ni moja, lakini nyuma yake kuna konsoli sita, kama vyumba sita vinavyotumia dirisha moja. Ukibonya Alt na F1 unaona cha kwanza, Alt na F2 cha pili, mpaka F6. Yeye aliigusa ya kwanza tu. Nyingine zote lazima zikuulize jina.

Saa tatu na robo. Alipanda ngazi mbilimbili.

Mkubwa alimsikiliza kwenye redio kwa sekunde kumi na tano.

"Nyigu, jirani tumewaahidi mtu. Ndege iko uwanjani. Unaniletea fomu ya hospitali?"

"Nakuletea ukweli."

"Niletee lori. Ukiniletea lori nitaizuia ndege. Hadithi sitaki."

Akakata. Nyigu aliitukana ile redio tusi ambalo haliandikiki.

Barabara ya mpakani ilikuwa inachimbwa. Alipoteza karibu saa nzima nyuma ya tingatinga, akipiga usukani kwa ngumi, akimtukana dereva wa tingatinga, mkandarasi, na wote waliosaini mkataba. Alifika kituoni saa tano kasoro dakika tano.

Chumba cha skana kilikuwa kidogo, ukuta wa kijani mpaka kiunoni, feni inayozunguka kwa kulalamika. Karani alikaa mbele ya skrini akitafuna jojo. Kando yake alisimama Mshauri, mtu wa kampuni ya nje iliyouza ile mashine. Suti ya kijivu, mkoba wa kompyuta ya ThinkPad begani, viatu vinavyong'aa kwenye vumbi lile bila haya.

"Karibu, dada yangu," Mshauri alisema. "Umekuja kutuaga? Kesho mashine inang'olewa inakwenda kwenu kama ushahidi. Leo ndiyo siku yake ya mwisho."

"Mimi si dada yako."

Mshauri alicheka kama mtu aliyepewa sifa, akaomba radhi, akasema anakwenda kunawa mikono.

Nyigu alivuta kibodi. Mashine ile haikuwa ya kubofyabofya na kipanya. Ilikuwa ya jamii ya Unix, ya maandishi meupe kwenye weusi. Alt na F2: andika jina. F3: andika jina. F4, F5, F6, vilevile. F7 mpaka F12 hazikuonyesha kitu. Kila kitu kilikuwa safi, na usafi ule ulimkera.

Akamuuliza karani, umeme ukikatika hapa huwa inakuwaje?

"Ah, hamna shida. Inajiamsha yenyewe. Fundi alitusaidia sana, wallahi."

"Ulijua?"

"Sote tunajua, afande."

"Na mimi nilipokuja hapa kuchukua daftari, mbona ulinyamaza?"

Karani aliacha kutafuna. "Hukuniuliza. Ulisema nisiguse kitu na nisiongee."

Nyigu alifumba macho. Angepata mtu wa kumpiga wakati ule angempiga, lakini aliyestahili alikuwa ndani ya jaketi lake mwenyewe.

Feni ikasimama.

Taa ikazima. Skrini ikazima. Sekunde ishirini za joto na ukimya, kisha taa zikarudi zote kwa pamoja. Haikuwa hitilafu ya laini. Mtu alikuwa ameshusha swichi kuu na kuipandisha. Na aliyetoka chumbani dakika chache zilizopita alikuwa mmoja tu.

Maandishi yalianza kukimbia kwenye skrini. Mashine ilijiamsha, ikajitafutia konsoli ya kwanza, na jina la fundi likajiandika. Limeingia. Saa tano na dakika kumi na tatu, na mwenye jina yuko chini ya ulinzi na pingu mikononi.

Nyigu alipiga picha kwa simu. Kisha akabonya Alt na F7. Kimya. F8. Kimya.

F9.

Palikuwa na kitu. Hapakuulizwa jina. Mstari mmoja tu, na alama ndogo ikipepesa: inasubiri marumaru.

Konsoli ya tisa ilikuwa inajiingiza yenyewe pia. Mtu alikuwa ameuona mstari wa fundi, akauiga, akauficha wa kwake mahali ambapo hakuna anayebonya. Umeme ukikatwa, programu inaamka. Likija lori ambalo hati zake zinasema marumaru, inatupa picha ya kweli na kuweka picha ya marumaru iliyohifadhiwa. Lori likipita, inajizima na konsoli inakufa. Ukikagua baadaye huoni hata unyoya. Hata daftarini inafuta ingizo lake, linabaki jina moja tu la kulaumiwa, jina la mtu aliyetaka kukaa na mke wake mgonjwa.

Na sasa ilikuwa macho.

"Lori gani linafuata?" Nyigu aliuliza.

Karani alitazama hati. "Marumaru, afande."

Nje injini ilinguruma. Lori la Scania lilikuwa linaingia taratibu chini ya skana, dereva ameweka kiwiko dirishani.

Nyigu alimwambia karani afanye kazi yake kama kila siku na asigeuze shingo. Kisha akabonya Control na C. Ile programu ilikatika, na mahali pake pakabaki alama moja. Hakujua afanye nini nayo. Alijua mtu mmoja tu anayejua.

Alipiga simu kwa askari wa msafara uliompeleka fundi. Iliita muda mrefu.

"Tuko uwanjani, afande. Tunampandisha."

"Mpe simu."

"Amri inasema asiongee na mtu."

"Hiyo amri niliiandika mimi. Mpe simu kabla sijaja kukuvua hizo nguo."

Kelele za ndege. Upepo. Kisha sauti ya fundi, ndogo, imekauka.

"Afande."

"Umeme umekatwa. Konsoli ya tisa imejiingiza. Nimeikatisha programu yao. Lori liko chini ya skana. Nieleze yote, sikukatishi."

Fundi alivuta pumzi. Na hapo ikatokea kitu cha ajabu, maana yule mtu aliyekuwa anapandishwa ndege ya kufa alianza kuongea kama yuko kazini.

"Usizime mashine. Ukizima, programu yao inaamka tena. Mwisho wa mstari pana alama gani?"

"Reli. Ile # ya kwenye simu."

"Reli. Basi wameiacha ijiingize kwa akaunti kubwa, inayoruhusiwa kila kitu. Wavivu kuliko mimi. Sasa mwenye mashine ni wewe. Andika picha, acha nafasi, andika ghafi. Ni amri yangu, niliitengeneza ya kujaribia. Inaonyesha kinachotoka kwenye skana kabla hakijaguswa na mtu."

Nyigu aliandika kwa vidole viwili. Akabonya.

Skrini ilichora lori kutoka mbele kwenda nyuma, mstari kwa mstari. Kichwa. Tangi. Safu tatu za maboksi ya marumaru mlangoni mwa kontena. Na nyuma ya maboksi, yamelazwa kama miwa, mabomba marefu yenye vichwa vinene. Karani alihesabu kwa midomo, akafika thelathini, akaacha.

"Afande?" fundi aliuliza simuni. "Unaona?"

"Naona. Shika hapohapo. Usipande hata ngazi moja."

Mlango ulifunguka. Mshauri alisimama na mikono iliyooshwa. Alitazama skrini, akatazama simu, na tabasamu likafutika. Mkono wake ukaingia kwenye mkoba wa ThinkPad ukatoka na bastola.

Nyigu alimrushia kibodi. Waya ulikuwa bado umechomekwa, kibodi ikafika nusu ya njia, ikarudi ikampiga karani gotini. Lakini Mshauri alikwisha kupepesa, na kupepesa kulitosha. Risasi ilitoboa feni. Nyigu alikwisha kumfikia. Alimshika kifundo cha mkono, akakipindisha kinyume, akampelekea goti la tumbo, na kiwiko cha yule bwana kikalia kama kuni kavu.

"Dada," Mshauri aliguna sakafuni. "Tunaweza kuelewana."

"Ulimwacha mwenzako anyongwe kwa mstari mmoja." Nyigu alichomoa pingu. "Ulimsalimia kila siku."

Alimfunga pingu kwenye bomba la maji. Dereva wa Scania alikuwa ameusikia mlio na injini ikanguruma. Nyigu alitoka mlangoni, akachomoa Glock, akapiga tairi mbili za mbele. Lori liliinama puani likasimama. Dereva alishuka mikono juu, akisema yeye ni dereva tu, ana watoto. Wote huwa wana watoto wakati huo.

Saa tano na dakika arobaini na saba. Picha mbili za simu, ile ya jina na ya lori kwenye skrini, zilikwenda kwa Mkubwa.

"Lori ninalo," alisema redioni.

Redio ilikoroma.

"Injini za ndege zimewashwa, Nyigu. Nimekwisha kusaini. Jirani wanasubiri mtu."

"Mtu ninaye. Amevaa suti. Zima hizo injini, Mkubwa. Mimi nilisaini sijui. Wewe sasa unajua."

Karani alikuwa amekaa chini anasugua goti, anamtazama kwa hofu.

"Mteremsheni," redio ilisema hatimaye, kwa mtu mwingine.

Saa tisa alasiri Land Cruiser ilisimama mbele ya nyumba ya vyumba viwili yenye pazia la maua mlangoni. Fundi alikaa kiti cha nyuma njia nzima. Mwanaume alishuka, kamba za viatu bado hana, na mke akatoka ameshika ubavu. Hawakukumbatiana. Mke alimshika uso kwa mikono miwili akaukagua, jicho, taya, shingo, kama mama anayekagua mtoto aliyeanguka. Kisha akamwambia aingie ndani, maji ya kuoga yako tayari.

Nyigu alibaki na mke wa fundi.

"Nilimfunga mumeo kwa uzembe wangu," alisema. "Alitaka kunieleza nikamkatisha. Angekufa kwa sababu nilikuwa na haraka. Nisamehe."

Mke wa fundi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Hayo uliyosema. Mtaa mzima unajua kwamba mume wangu anauza silaha, na hayo mliyatangaza kwa karatasi. Mimi msamaha wa mdomo nitauonyesha nani? Kazini atarudi na nini? Andika, tia sahihi. Na jina la mtu. Sitaki majina yenu ya wadudu."

Hakuna aliyekuwa amemwambia Nyigu maneno kama hayo kwa miaka kumi na moja. Muda wote huo alikuwa amesaini kila kitu kwa jina la kazi. Jina lake halisi likitoka kwenye karatasi ya mtu wa mtaani, hapo kazi yake ya siri imekwisha, amemwaga unga mwenyewe kwa mkono wake. Yule mama hakulijua hilo. Na hata angelijua, Nyigu aliona wazi, asingebadilisha neno.

Alitoa kalamu. Aliandikia juu ya boneti, jua linamchoma shingo. Aliandika siku, saa, konsoli ya kwanza, konsoli ya tisa, swali alilouliza na jibu alilolikatisha. Hakutia maneno ya kujikinga. Chini akaandika jina alilopewa na mama yake, majina matatu kamili, akatia sahihi ambayo mkono ulikuwa umeanza kuisahau.

Mke wa fundi aliisoma yote, neno kwa neno, kwa sauti. Alipofika kwenye jina alimtazama.

"Hili ni la kweli?"

"La kweli."

"Haya." Aliikunja karatasi akaiweka kifuani. "Nenda."

Ndani ya gari redio ilikuwa inakoroma. Nyigu aliingiza mkono dirishani akaichukua.

"Nyigu, ripoti yako iko wapi? Wakubwa wanaitaka leo, na ile sehemu ya makosa ya awali usiiweke."

"Imekwisha kukabidhiwa," alisema.

Akaizima, akaiacha kitini, akafunga gari, akaondoka kwa miguu.